Dorkasi, fundi anayeufuata waya hadi kwenye kontrol boksi

Saa tatu asubuhi, ukungu wa Karatu bado umekalia mabati ya gereji, na kinachoonekana kwa Dorkasi Qamara ni miguu yake tu. Kichwa kiko chini ya dashibodi ya gari dogo la kijani. Tochi ameing'ata mdomoni.

Nje wamesimama wanaume wanne, mikono mifukoni. Hakuna anayemshikia hata spana. Leo hawakuja kumwangalia fundi. Wanamwangalia mtu anayeshukiwa wizi.

Gari ni la Parmuat, mfugaji wa Kakesio, huko ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Lilifika jana likiwa limefungwa kamba nyuma ya lori la mahindi. Starta inazunguka, mafuta yapo, injini haiwaki. Mashine ya kupimia ilipochomekwa, ilijibu kwamba haipati kontrol boksi, yaani ile kompyuta ndogo ndani ya kasha la bati inayoiamuru injini ipokee mafuta saa ngapi na ipige moto saa ngapi.

Jackson, fundi mwenzake, aliitafuta nyuma ya kabati la dashibodi, ambako magari mengi anayoyajua huiweka. Hamna. Akafungua boneti, akachungulia karibu na betri. Hamna. Akajifuta mikono, akatoa hukumu kwamba imenyofolewa.

Neno hilo ndilo lililoharibu siku. Mwezi uliopita gari hilohilo lililala hapa siku mbili kwa kazi ya breki, na aliyeingia ndani kubadilisha swichi ya taa za breki alikuwa Dorkasi, peke yake. Kila mtu gerejini anajua kuwa boksi iliyotumika haikosi mnunuzi.

Parmuat hakupaza sauti. "Ndito," alimwambia, kama Wamaasai wanavyomwita msichana, "ng'ombe akipotea zizini, anaulizwa aliyelala zizini."

Mwenye gereji ni Fabian, mzee wa makamo ambaye Dorkasi humwita Baba Goodness, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa amemwahidi barua wiki hii, ya kumthibitisha kwamba anafaa kufanya mtihani wa mafundi waliojifunzia kazini. Jana jioni Dorkasi alipoiulizia, aliambiwa ingoje kwanza. Ingoje nini, hakuambiwa.

"Sikulia," anasema. "Niliomba tu niachiwe lile gari asubuhi, kabla halijavutwa kupelekwa Arusha. Likienda Arusha na boksi haijaonekana, jina langu limeenda nalo."

Ana miaka 24. Alizaliwa Baray, bondeni kuelekea Ziwa Eyasi, kwenye nyumba ya Wairaqw wanaolima vitunguu vya kumwagilia. Mwaka aliomaliza darasa la saba mfereji ulikauka, vitunguu vikaungua ardhini, na habari ya sekondari ikaishia hapo. Akapanda Karatu kufanya kazi za ndani, kisha akapata kibarua cha kupika chai gerejini. Karibu miaka miwili alipeleka vikombe na kuangalia mikono ya watu.

"Vikombe nilikuwa naviokota polepole makusudi," anasema na kucheka kidogo. "Ukiwa na haraka huoni kitu."

Mwaka 2020 watalii walipokatika na nusu ya mafundi wakarudi mashambani, Baba Goodness alikosa wa kumshikia waya. Akamwita mpika chai. Tangu siku hiyo Dorkasi hajarudi kwenye sufuria. Hulipwa shilingi elfu kumi kwa siku yenye kazi. Siku isiyo na kazi ni ya Mungu, na wakati wa masika siku za Mungu huwa nyingi, ilhali kodi ya chumba chake, elfu thelathini kwa mwezi, haijui masika. Magari ya watalii, yenye malipo ya maana, haruhusiwi kuyagusa kwa sababu hana cheti.

Sasa ametoka chini ya dashibodi, amefungua boneti. Haitafuti boksi. Ameshika waya unaotoka kwenye nozeli za mafuta, na anautembeza vidoleni kama mtu anayehesabu rozari.

"Mama alinifundisha shambani," anaeleza. "Maji yasipofika kwenye jaruba lako, usikimbilie kumtukana jirani. Shika mfereji, upande nao. Na waya ni hivyohivyo. Nozeli inapokea amri. Nikiufuata waya wake, nitamfikia anayeitoa."

Waya unaingia kwenye tita la nyaya, na tita hilo linapenya tundu kwenye bati linalotenga injini na viti, upande wa abiria. Badala ya kupanda kwenye kabati, linashuka. Linazama chini ya zulia. Na juu ya zulia kuna ngozi ya ng'ombe.

Ngozi hiyo Jackson aliiruka jana. Ni ya dume lililochinjwa siku mtoto wa kwanza wa Parmuat alipopewa jina. Parmuat aliikata mwenyewe ienee sakafu, akaishona pembeni kwa kamba ili isisogee.

"Baba, naomba ruhusa niinue ngozi," Dorkasi anamwambia Parmuat.

"Hapo hakuna waya. Hapo kuna ng'ombe."

Wanaume wanacheka. Dorkasi hacheki, anainama, ananusa. Anauliza gari lilibeba nini mara ya mwisho. Parmuat anasema halikubeba mzigo, ni vibuyu viwili tu vya maziwa alivyompelekea mkewe aliyejifungua hospitalini. Alivisimamisha hapo mbele. Kimoja kilianguka kwenye mteremko. Alipangusa ngozi mpaka ikang'aa, basi. Nyumbani ngozi humwagikiwa maziwa kila siku na haijawahi kuugua.

Dorkasi anarudia ombi lake kwa sauti ileile. Parmuat anaitazama ngozi, anamtazama yeye, kisha anapiga goti na kuufumua mshono kwa kisu chake, tundu baada ya tundu.

Harufu ya maziwa yaliyochacha inawarudisha watu nyuma. Chini ya zulia lililolowa kuna bamba lenye nati nne. Chini ya bamba ipo kontrol boksi, palepale ilipowekwa kiwandani, plagi zake zimebana, imevaa ukoko mweupe.

"Kumbe ilikuwa inanyonya," Jackson anasema.

"Wewe katangulie kutoa betri," Dorkasi anamjibu.

Kazi iliyobaki inachukua saa tatu. Anafungua kasha, anasugua kwa spiriti na mswaki laini, anabadilisha pini mbili za plagi zilizoliwa na kutu ya kijani, anaanika kila kitu juani. Injini inakohoa mara mbili. Mara ya tatu inawaka.

Parmuat hapandi gari. Anangoja wote wakusanyike.

"Jana nilimsema huyu mbele yenu," anasema. "Leo naondoa maneno yangu mbele yenu. Hapa hapana mwizi. Ni mimi na kibuyu changu."

Baba Goodness anaingia ofisini, anarudi na karatasi na mhuri, anailaza karatasi juu ya boneti lenye joto.

"Niandike msaidizi au fundi?" anauliza.

"Andika ulichokiona, Baba Goodness."

Anaandika fundi.

Mtihani ni Februari, Arusha. Akishinda, Dorkasi anataka kuanza na magari ya watalii, halafu kufungua banda lake Baray, ambako mtu pampu yake ya maji ikifa hupanda nayo mpaka Karatu. Anachoogopa ni kuwekewa gari ambalo hajawahi kuliona. Ameshaliwazia jibu lake.

"Sitawadanganya kwamba najua boksi yake inakaa wapi," anasema. "Nitaomba wanifungulie boneti na wasinihimize."