Mama Maana wa Ndosho

Jumamosi moja, jua likiwa utosini, Kataliko alirudi nyumbani, mtaa wa Ndosho mjini Goma, uso umemshuka. Mkewe, Athanasie, alikuwa ameketi mlangoni, ungo wa maharagi mapajani, akichambua mzigo uliofika asubuhi kutoka mji wa Kiwanja. Alimtupia jicho mara moja tu, akajua: wamemshinda tena.

Kataliko ni fundi wa vyerehani, mzaliwa wa Butembo, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: mchezo wa maneno, ule wa kupanga vibao vidogo vya herufi na kujumlisha pointi. Kila Jumamosi yeye na wenzake hukutana kwenye ukumbi wa parokia. Kwa Kifaransa hashikiki. Lakini mwaka ule klabu ilikuwa imepata boksi la Kiingereza, na kiongozi wao, Papa Védaste, mwalimu mstaafu, akaweka sheria: mwenye kuweka neno la Kiingereza ataje na maana yake, la sivyo pointi zinafutwa. "Hatutaki kuwa kasuku hapa," alisema.

Sheria hiyo ilimkuta Kataliko pabaya. Alikuwa ametoa kwenye mtandao karatasi kumi na mbili za maneno ya Kiingereza yaliyopangwa kifamilia, yaani yale yenye herufi zilezile zilizobadilishana viti tu. Aliyakariri yote, kama anavyojua vipuri vya cherehani gizani kwa kupapasa. Maana hakuwa nayo hata moja.

"Leo ilikuwa nini?" Athanasie aliuliza.

"Niliweka STEAL. Neno zuri kabisa. Papa Védaste akaniuliza maana, nikajibu bila woga: ni chuma. Si inaandikwa kwa kila mukasi ninanoa? Watu wakacheka mpaka Élodie wa farmasi akatoka inje kupanguza machozi."

Athanasie aliokota kijiwe katikati ya maharagi, akakitupa uani.

"STEAL ni kuiba," alisema. "Ile ya mukasi iko na E mbili."

Kataliko alisimama na kiatu kimoja mkononi.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu aliniambia. Ninajua."

"Tangu lini?"

"Tangu niko mutoto."

Walikuwa wameoana miaka kumi na minane.

Si kwamba Athanasie alikuwa akificha. Alipokuwa na miaka tisa, vita viliwafukuza Rutshuru, shangazi yake akamshika mkono wakavuka hadi Uganda. Huko waliishi kambini miaka minane, naye akasoma shule ya msingi mpaka la saba, yote kwa Kiingereza. Mwaka wa mwisho aliongoza darasa. Waliporudi, alikwenda shule moja mjini kuomba nafasi. Karani akamuuliza maswali kwa Kifaransa, yeye akabaki anamtazama, karani akaandika kwenye fomu: hajasoma. Neno hilo lilimkaa rohoni. Goma elimu ni Kifaransa, na asiyekuwa nacho hana kitu. Akaanza kuuza maharagi, akaolewa, akazaa Charline, na Kiingereza chake akakikunja kama kitenge cha marehemu, akakiweka chini kabisa ya sanduku.

Sasa Kataliko alikuwa amekwisha kukata boksi la sabuni vipande vitano. Aliandika herufi moja moja kwa biki, akavipanga juu ya maharagi, mumo ndani ya ungo.

"Hii?" Alikuwa amepanga SLATE.

"Kibao cha kuandikia na chaki. Tulikuwa na kimoja watoto watatu. Mimi nilikuwa naandika upande wa kushoto."

Akavichanganya tena. STALE.

"Mukate wa juzi. Kulikuwa na baba moja mwenye duka, alikuwa anatuletea ile imekauka. Tunaichovya kwa chai, inakuwa tamu kupita mupya."

LEAST.

Athanasie alicheka peke yake kabla ya kujibu. "Ile ndogo kupita zote. Mwalimu wetu hakukosa kulisema, *at least*, yaani angalau. Mvua inatunyeshea darasani, yeye anasema angalau haitoki chini."

TALES ilimpeleka kwenye Ijumaa za hadithi, na pale alisimulia mpaka maji ya chai yakakauka jikoni. Kataliko alikaa chini mavumbini kama mwanafunzi. Mwishowe akapanga TEALS.

"Hiyo siijui," alisema Athanasie. "Umeitunga."

"Iko kwa karatasi."

"Basi karatasi inakudanganya."

Wiki nzima waliendelea hivyo, na majirani wakaanza kushangaa: watu wazima wanachezea chakula.

Jumamosi iliyofuata Kataliko alimchukua kwa pikipiki hadi parokiani, Athanasie amejifunga kitenge chake kipya kiunoni. Jambo la kwanza, Papa Védaste alifungua kamusi kuamua kesi ya TEALS. Ni bata wadogo wa majini. Kataliko alivuta pumzi kifua kikajaa. Kisha akaomba wacheze wawili, yeye apange, mkewe aseme maana.

"Hapana, Papa Charline," alisema Védaste. "Mwenye maana ndiye anacheza. Mama, karibia. Utacheza na Élodie."

Athanasie alivuta kiti, akaketi mbele ya Élodie. Kataliko alisimama nyuma ya mkewe, ameambiwa asifungue kinywa, akawa anahema tu kwa nguvu. Kwanza Athanasie aliweka maneno mafupi, ya woga. Halafu akaweka EARTH.

"Maana?" Védaste aliuliza.

"Udongo. Ule wa kulima. Si hapa Goma, hapa tuko na mawe ya volkano tu. Kule kwetu Rutshuru unachomeka fimbo, inaota."

Watu wakacheka, lakini Élodie aliinua kidole. "Mama, hilo ni dunia."

"Ni dunia pia. Neno moja linabeba zote mbili. Sisi nasi si tunaita dunia udongo tukizika mutu?"

Védaste alisoma kamusi polepole, akavua miwani. "Amesema vizuri kuliko hiki kitabu. Mama, ulisomea wapi?"

"Uganda, muzee. Nilifika la saba. Nilikuwa wa kwanza."

Alishangaa kusikia sauti yake ikisema hivyo mbele ya watu. Safari hii hakuna aliyeandika kitu kwenye fomu. Walipiga makofi, basi.

Élodie alimshinda kwa pointi sita, na hakuna aliyekumbuka kutangaza, maana watu walikuwa wamemzunguka Athanasie kila mmoja na neno lake la kuuliza. Siku hiyohiyo wakampa jina: Mama Maana.

Jumamosi ya nne Athanasie alimshinda Élodie. Kataliko hakuwepo kuona. Tangu wiki ya pili ndiye anayekaa kwenye meza ya mkewe ya kuuzia maharagi siku ya mchezo, mwavuli juu ya kichwa, karatasi zake kumi na mbili magotini. Mteja akiuliza mwenye meza yuko wapi, anajibu, "Bibi yangu yuko kwa klabu, anafundisha wakubwa Kiingereza," na kwa furaha anajaza kopo la kupimia mpaka maharagi yanamwagika pande zote. Siku hizi wanawake wengi wa Ndosho hununua maharagi yao Jumamosi.