Shamba Ambalo Halikuchomwa

Clémentine ni mbishi, na tuliseme mapema, maana Alunguli, mtaa wao wa Kindu, wote wanalijua. Ukimwambia mto umejaa, atateremka mwenyewe kuutazama. Ukimwambia chumvi imezidi, ataonja, ataonja tena, kisha atakuambia kwamba ulimi wako ndio mbovu. Ubishi huo ndio uliomtoa Kindu akiwa hai mwaka wa tisini na nane, vita ilipoingia na wenzake wakasema tukae ndani yatapita. Na ubishi huohuo ndio uliomrudisha, yeye na mumewe Okito na binti yao Fifi, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kambini Kigoma.

Okito hakutaka kurudi. Okito ni fundi baiskeli, mtu mpole asiyepandisha sauti. Naye ni mtoto wa Maniema, lakini alikimbia akiwa bado kijana mdogo, na ndugu aliowaacha huku wote walikwisha. Aliyebaki ni kaka yake mmoja tu, Aimé, na huyo ana kibanda chake cha baiskeli Kigoma mjini, na kila mara alikuwa akisema nafasi ya fundi wa pili ipo.

"Unarudi kwenu, mama Fifi," Okito alimwambia mkewe wakiwa bado kwenye meli ya kuvuka ziwa. "Mimi huko hakuna hata mtu wa kuniita jina. Haya, tujaribu msimu mmoja. Tukivuna, tunakaa. Tusipovuna, tunarudi kwa Aimé, na usinibishie."

Clémentine alikubali palepale, tena upesi kiasi kwamba Okito alimgeukia kumtazama kama ni yeye kweli aliyesema.

Basi wakafika, baada ya treni iliyokuwa ikisimama popote ilipojisikia. Mtu wao pale Alunguli alikuwa mmoja, Annie, dada mkubwa wa Clémentine. Yaya Annie, maana huko kwao mkubwa wako unamwita yaya. Aliwapokea kwa kilio na kwa kuku, akawapa vyumba viwili vya nyumba yake, akamshika Fifi mashavu akasema huyu njo mama yetu kabisa, pua ileile. Fifi, aliyezaliwa kambini, hakumjua bibi yake hata kwa picha, lakini siku hiyo nzima alikuwa akijishika pua.

Yaya Annie hakukimbilia mbali wakati wa vita. Alijificha msituni na mumewe Gédéon, na aliyetoka ni yeye peke yake. Hayo aliyasema kwa maneno machache tu. Ukimuuliza zaidi, atajibu, "Gédéon alibaki porini," kisha atauliza kama maji yameshachotwa.

Na alikuwa na jambo lake moja ambalo majirani walilicheka, si kwa ubaya. Maniema kila mtu anafyeka msitu, anauacha ukauke, anauchoma, kisha anapanda mpunga kwenye majivu. Yaya Annie hachomi. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na ndizi za kupika na mihogo, vimeota katikati ya magogo yaliyolala ovyo, na mpunga hana hata shina. Hata jikoni anapikia makala, yale makaa yasiyo na moshi, kuni hazitaki. "Yaya Annie anaogopa moto," watu walisema, na Clémentine naye hakukawia kuudaka utani huo.

Shamba walipewa njiani kwenda Kailo, kipande cha msitu kilichokuwa kimepumzika miaka mingi. Okito akashika shoka. Mikono iliyozoea spana ilitoka malengelenge, ikapasuka, ikatoka mengine, naye akaendelea kukata. Fifi alifyeka vichaka huku akilalamika tangu asubuhi mpaka kurudi, kwamba mbu, kwamba siafu, kwamba Kigoma shamba lilikuwa karibu. Kiangazi kilipoingia, miti yote ilikuwa imelala chini, majani yameanza kugeuka rangi. Hapo Okito akafunga mzigo wa vipuri kwenye baiskeli, akaenda machimbo ya Kama kuwatengenezea wachimba dhahabu baiskeli zao. "Nitarudi tuchome pamoja," alisema.

Neno hilo Clémentine alilishika moyoni. Alitaka moto uwashwe na Okito mwenyewe. Alimwambia Fifi wazi, "Baba yako akiwasha moto kwa mkono wake, lile shamba litakuwa lake. Hatalikimbia tena."

Siku zikapita, Okito hajarudi. Yaya Annie alikwenda shambani mara moja, akaokota jani, akalifinya, likavunjika kiganjani.

"Choma, mudogo wangu," alisema. "Imekauka. Usingojee."

"Bado, yaya. Magogo mabichi ndani."

"Magogo wacha. Majani njo inabeba moto. Mvua iko karibu."

"Mvua! Mvua gani mwezi wa nane? Kigoma mwezi wa nane hata wingu hulioni. Watu wanachoma mpaka wa tisa, mpaka wa kumi, na hakuna anayekimbizwa."

"Haiko Kigoma huku."

"Yaya, na wewe," Clémentine akacheka, "wewe unayeogopa moto, leo ndio unifundishe kuchoma?"

Yaya Annie alilitupa lile jani lililovunjika, akajipangusa kiganja kwenye kitenge. Walirudi nyumbani wakiongea habari za bei ya sabuni.

Kha! Mtu ametoka nyumbani kwao miaka ishirini na kitu, anarudi anataka mvua ifuate desturi za ugenini. Kiangazi cha Kindu ni kifupi, kinakuja na kuondoka kama mgeni aliyeacha chungu jikoni. Clémentine alizaliwa nacho, alikulia nacho, na bado alikuwa amekisahau.

Mvua ilikuja asubuhi, yeye akitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Kwanza aliisikia harufu, akainua mchi, akautua. Kisha bati zima likaanza kupiga kelele. Alitoka mbio bila hata kuvaa kandambili, akashika njia ya Kailo, Fifi nyuma yake na kiberiti ndani ya mfuko wa plastiki. Walijaribu. Walimwaga mafuta ya taa, wakatafuta majani makavu chini ya magogo, wakapuliza mpaka macho yakawaiva. Kilichotoka ni moshi kidogo wa kuwakohoza. Na ile mvua haikuwa ya kupita. Iliendelea siku ile, na iliyofuata, na nyingine.

"Mama," Fifi alisema, maji yakimtiririka puani, ile pua ya bibi yake, "si mama mkubwa alisema?"

Clémentine alikaa juu ya gogo akalia. Alilia kwa hasira ya kujikasirikia mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kumtupia.

Okito alirudi na matope mpaka magotini. Alipita shambani kwanza kabla ya kufika nyumbani. Alipoingia uani aliegemeza baiskeli ukutani, akanawa miguu, akakaa.

"Basi," alisema.

Ni hilo tu. Clémentine, mtu wa kubishana na mto, akaenda kumpakulia chakula. Walikula. Ndipo Okito akasema, kwa upole uleule uliomchoma mkewe kuliko kama angefoka, "Nitamtumia Aimé habari. Ulijaribu, mama Fifi. Sikulaumu."

Yaya Annie alikuwa ameketi kando, akichambua majani ya muhogo. Akaweka ungo chini.

"Shemeji," alisema, "usitume kwanza. Kesho asubuhi twende wote shamba."

Asubuhi alitoka nyuma ya nyumba na machipukizi ya ndizi kichwani, vijiti vya muhogo chini ya kwapa, mahindi na mbegu za maboga zimefungwa kwenye pembe ya kitenge, na fimbo ndefu iliyochongwa ncha. Walipofika, alipanda juu ya magogo kwa wepesi ambao Clémentine hakuwahi kumwona nao, akasukuma majani yaliyooza kwa mguu, akachoma fimbo ardhini, akadondosha punje, akarudisha majani juu yake. Hatua moja, akafanya tena.

"Hivi," alisema. "Usiondoe majani. Yanaweka maji, yanakataza magugu. Ndizi unaweka karibu na gogo, likioza linailisha. Mupunga haitakubali, lakini hii yote itakubali."

"Yaya," Clémentine aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "shamba ambalo halikuchomwa linazaa kweli?"

"Lilinilisha vita yote."

Kisha akasema, akiendelea kuchoma fimbo, bila kumtazama mtu.

"Kule porini hatukuchoma. Moshi njo ilikuwa inatuuza. Wenye bunduki wakiona moshi juu ya miti, wanajua watu wako pale, wanakuja kuchukua chakula, wanachukua na watu. Tulipika usiku tu. Tukalima hivi, kimyakimya, kama tunaiba. Ng'ambo ya kijito kulikuwa familia ingine, walikuwa na watoto wengi, wakashindwa kuvumilia. Wakachoma kashamba kadogo, wapate mupunga. Gédéon alikwenda kuwasaidia kuuzima, moshi isipande sana." Fimbo ilisimama. "Niliuona ukipanda. Ulikuwa mmoja, mwembamba, ulinyooka. Kiisha nikasikia bunduki."

Ndege walikuwa wanapiga kelele, na Fifi alikuwa amejishika mdomo.

Clémentine alivuka magogo, akateleza, akafika kwa dada yake akamkumbatia pamoja na fimbo yake na kitenge chake cha mbegu. "Nilikucheka," alisema. "Yaya wangu, nilikucheka, na wewe ulikuwa unajua. Unisamehe."

"Wacha kulia, unakanyaga mahindi," alisema Yaya Annie, naye analia.

Okito alikuwa amesimama na panga lake. Sasa alichonga kijiti, akakinoa ncha kwa uangalifu kama anatengeneza spoki, akaja akasimama kando yao.

"Yaya," aliuliza, "shimo liende chini kiasi gani?"

Siku zote alikuwa akimwita shemeji. Yaya Annie alipangusa uso. "Kidole mbili, Okito," akasema. "Usizike sana, haiko maiti."

Mvua ambayo Clémentine aliilaani ndiyo iliyoyalea yale mahindi. Maboga yalipanda juu ya magogo yakayafunika, mihogo ikatoa majani, na ikawa sombe haikosekani jikoni. Si kwamba ulikuwa utajiri. Mahindi yalikuwa mafupi, nyani walikula sehemu yao, na walipotaka wali walipeleka maboga kwa majirani wenye mpunga wakabadilishana. Lakini hakuna siku waliyolala na njaa. Clémentine alizoea kwenda asubuhi kusimama tu pale katikati na kusema asante Mungu, asante, kwa sauti, mpaka waliokuwa wakipita njia ya Kailo wakamdhani anasalisha watu.

Mwisho wa mwaka alichemsha mahindi mabichi, akamwekea mumewe sahani nzima, akakaa mbele yake na mikono magotini.

"Baba Fifi. Haya ni mavuno au si mavuno?"

Okito alikula gunzi la kwanza mpaka likabaki jeupe. Akalitazama upande huu na ule. Akachukua la pili.

"Aimé atafute fundi mwingine," alisema.

Fifi alipiga kelele zilizofika kwa majirani. Clémentine aliinama akaficha uso kwenye kitenge, maana furaha nyingine haionyeshwi hadharani. Akilini alimuona Gédéon, shemeji yake aliyempenda, na akamshukuru naye kwa ukulima ule wa porini, ijapokuwa hakujua mtu anamshukuruje marehemu kwa jambo kama lile.

Kiangazi kilichofuata walifyeka kipande kingine, cha mpunga. Kibanda cha baiskeli alichokifungua Okito kilikuwa kimeshapata watu pale karibu na kivuko, na asubuhi ilikuwa "Okito eh!" huku na "Okito, tairi!" kule, lakini kazi ya shoka hakumwachia mtu. Safari hii Clémentine hakuhesabu miezi ya Kigoma. Alimpelekea dada yake jani mkononi.

Yaya Annie alilifinya. "Leo," alisema.

"Wewe kaa nyumbani, yaya," Okito akamwambia. "Tutachoma sisi."

"Nitakwenda."

Walikwenda wote. Njia nzima ya Kailo watu walikuwa wanachoma, na moshi ulikuwa umesimama kila upande juu ya miti, hapa mmoja, pale mwingine. Yaya Annie alitembea ameinamisha kichwa. Walipofika ukingoni, Fifi aliwasha kijinga cha moto kwa kiberiti, kikashika, akampa baba yake. Okito alikishika kidogo tu, kisha akamnyooshea Yaya Annie.

Yule mama alikipokea. Clémentine alimshika kiwiko. Yaya Annie aliinama akagusisha moto kwenye majani. Majani yakalia, moto ukaruka, ukaingia ndani, na moshi ukapanda mweupe, mnene, juu ya miti yote.

Aliutazama mpaka shingo ikamuuma. Alisikiliza. Hakukuwa na kitu, ni moto tu na Fifi anayekohoa, na mbali kidogo jirani akiita kuuliza kama upepo umewageukia.

"Hapana!" Yaya Annie alimjibu kwa sauti kubwa. "Tuko salama! Tuko hapa!"

Jioni Fifi alipokuwa akipuliza makala jikoni, mama yake mkubwa alitokea mlangoni.

"Wacha makala leo," alisema. "Lete kuni."