Kidumu cha dawa ya pamba kinapeleka maji ya uji shuleni, mkwe anataka niseme nilikuwa natania

Admin, jina langu usiliweke na kijiji usikitaje, sema tu ni huku Nzega, upande wa kwenda Puge. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, nina mke na mtoto mmoja wa kike, yuko la kwanza. Shule niliishia la nne, nikikosea kuandika mnisamehe. Mtu wa kuongea mimi siyo. Penye watu nakaa pembeni naangalia, na huko kuangalia ndo kumeniponza.

Mimi ni Mgogo, nilikuja huku kufanya vibarua vya pamba, nikampata binti wa mzee niliyekuwa namlimia. Tunakaa hapohapo kwenye mji wake, ndo kaya yake. Mkwe wangu ni mtu mkubwa, ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule. Shule yenyewe haina bomba wala kisima, kwa hiyo kila mtoto asubuhi anaenda na kidumu cha maji. Yote yanamiminwa kwenye pipa moja. Humohumo wanachota ya uji, ya kunywa na ya kunawa.

Sasa msimu huu dawa ya wadudu wa pamba tulikuwa tunaichanganyia kwenye kidumu cha njano, cha lita tano. Mkono wake wa kushikia uliungua na moto, nikaufunga mpira wa baiskeli mimi mwenyewe. Tulipomaliza kupulizia nikakitundika nyuma ya banda. Asubuhi moja namwona shemeji yangu mdogo, anayesoma la nne, anaenda nacho shule kimejaa maji, kimezibwa na gunzi. Nikamwambia mwaga hayo. Akasema, "Baba ndo kanipa," akapita.

Nikamfuata mkwe, nikachuchumaa, nikamwamkia, nikamweleza polepole. Hata hakuniangalia.

"Kimeoshwa na majivu na mchanga," akasema. "Sisi madumu hayo tumenywea maji wewe hujazaliwa. Nionyeshe mtoto aliyekufa."

Nikasema, baba, watoto wanalalamika matumbo.

"Minyoo hiyo. Kazi yako wewe shamba."

Ukaja mkutano wa wazazi pale shuleni. Toka nihamie huku sijawahi kusimama mbele ya watu, siku hiyo nikasimama. Mjue huku Wanyamwezi na sisi Wagogo ni watani toka enzi za wapagazi, babu zao wakipita kwetu na mizigo kichwani, maji wakinunua kwa babu zetu. Mgogo akisimama, watu washajiandaa kucheka. Sikumtaja mkwe. Nikasema tu kuna kidumu cha dawa ya pamba kinaleta maji ya uji, naomba pipa limwagwe lisuguliwe, na vidumu viwe vinakaguliwa kabla ya kumiminwa.

Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mtani, zamani mlituuzia maji njiani, leo mmeamua kutunyima kabisa?"

Watu wakaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Huyo kautamani uji. Anataka watoto wakimbie abaki na sufuria."

Hadi mwalimu mkuu alicheka. Nikasema jamani siyo utani, ndo kwanza wakashika mbavu. Aliyekuwa hacheki ni mkwe peke yake. Alikuwa ananitazama mimi tu, maana alijua kidumu ni cha nani.

Tuliporudi nyumbani akanisimamisha uani mbele ya mke wangu. "Umenivua nguo mbele za watu kwa mdomo unaokula ugali wangu." Akamwamuru mke wangu achukue mtoto ahamie kwa mama yake, nyumba kubwa. Mke akakunja nguo huku ananiambia, "Ungenyamaza ungepungukiwa nini?" Hiyo ndo iliniuma kuliko matusi ya baba yake.

Juzi mkwe akaniita. "Ijumaa kuna kikao. Utasimama useme ulikuwa unawatania watani zako, yaishe. Mke utarudishiwa. Hutaki, fungasha urudi kwenu. Mtoto anabaki."

Nikasema nitafikiria. Sasa leo asubuhi nimesimama njiani, namwona mwanangu anakuja anaelemewa na kidumu cha njano. Kwenye mkono wa kidumu mpira wangu uleule wa baiskeli. Safari hii kapewa yeye. Nikamnyang'anya, nikayamwaga, nikakipasua kwa panga. Mtoto akaanza kulia kwamba asiyekuwa na maji anachapwa. Nikamwambia nitakwenda mimi kwa mwalimu. Akanijibu, "Babu kasema wewe unatania tu."

Mtoto wangu mwenyewe wa kumzaa.

Kidumu kimoja nimepasua, ila kila mji hapa unalima pamba, na vidumu vya kuchanganyia vimetundikwa mabandani kama chetu. Nikisema nilikuwa natania, nitarudishiwa familia, kila asubuhi nitakagua maji ya mwanangu. Lakini pipa ni moja, la kwake litachanganywa na ya wote. Na siku mtoto wa mtu akianguka kweli, nikipiga kelele nani atanisikiliza, wakati nimesimama mwenyewe nikasema mimi ni wa kutania? Nikienda Nzega mjini kwa bwana afya, mkwe ataaibika na mimi nitafukuzwa kabla hata hilo pipa halijaguswa. Mwanangu atabaki anakunywa uji ule na mimi siko.

Ijumaa haiko mbali. Nyie mlio nje ya mji huu nipeni neno, nisimame nijikane au niende kwa bwana afya nipoteze mke na mtoto? Wenye matusi pia leteni, nimeshazoea. Ila atakayenicheka kwa sababu nimesema mimi Mgogo, aje anywe kwanza kikombe kimoja cha ule uji.