Juisi ya Mto Nzoia

Harufu ya mzoga uliolowa maji haifanani na ya mzoga wa nchi kavu. Ni nzito, ina utamu fulani wa kuchefua, nayo hukaa kooni. Niliijua nikiwa na miaka kumi, likizo ya Agosti mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, shangazi alipotutoa nyumbani kwetu Matisi, mimi na mdogo wangu Nekesa, tukapige kambi siku mbili kando ya mto Nzoia. Hema letu lilikuwa turubai la kuanikia mahindi, na mtumbwi wetu tyubu ya trekta tuliyoisukuma kwa vipande vya mbao. Shangazi alikataza jambo moja tu: tusivuke kona ya mto upande wa juu.

Mimi nikavuka. Nyuma ya kona, kwenye mizizi ya mti, alikuwa amenasa ng'ombe aliyevimba, macho yameliwa, funza wakimwagika majini kila maji yalipomtikisa. Nilitapika papo hapo. Niliporudi kambini nikamkuta shangazi akikoroga juisi ya unga, nyekundu kama damu, katika sufuria ya maji aliyoyateka mtoni.

"Shangazi, haya maji si ni machafu?" nikajaribu.

"Maji inatembea hivi itakuwa na uchafu gani, bana? Kunywa!"

Ningesema nilichokiona, angejua nilikokwenda, na fimbo yake niliijua vizuri. Nikakishika kikombe changu bila kukionja. Nekesa, wa miaka mitano, akamaliza kikombe chake, akakikodolea macho changu.

"Ati hutaki? Si unipatie."

Nikampa. Alikunywa chote, akalamba na ukingo, midomo myekundu, nami nikimtazama. Najichukia nikikumbuka. Kabla jua halijatua alikuwa akitapika na kuharisha, na shangazi, mwenyewe ameshika tumbo, akambeba mgongoni hadi zahanati. Nekesa alilala huko siku nne, macho yamezama.

Siku hizi vijana huenda kule na boti za plastiki na maji ya chupa, wakaweka picha mtandaoni wakiusifu mto. Nikiziona huzifunga haraka, wala si kwa sababu ya mto. Nekesa sasa ana watoto wawili, na kila Krismasi wakigombana huwaambia, "Mama mkubwa wenu alinipea juisi yake yote, yeye akakaa na kiu. Hivyo ndivyo watu hupendana." Watoto hunigeukia kwa heshima, nami hutabasamu.