Mama Hodi

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, na kila alipomaliza kukunja shuka moja mama aliigusa kuona kama imetikisika. Haikutikisika. Usiku ule alikuwa zamu katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wageni, alikofanya kazi ya usafi kwa miaka ishirini na miwili, na mbele yake lilisimama rundo la shuka za vyumba kumi na vinane. Siku nyingine rundo kama lile lilikuwa mchezo kwake. Usiku huo alikunja, akakunjua, akakunja tena, maana pembe zilikataa kukutana.

Mpokea wageni, mzee mwenye maneno mengi kuliko wageni wote, alichungulia akamuuliza kama anasubiri majibu ya hospitali. Mama akasema hapana, kuna kikao anakisubiri. Kikao cha nini saa hizi? Hapo mama akajitia hamnazo, akaendelea na mito. Angemwambia nini? Kikao chenyewe kilikuwa cha watu wanne tu, kimekaa chumba cha nyuma cha duka la kutoa nakala, na kilikuwa na jambo moja la kuamua: kama yeye, mama mzima mwenye mvi, aendelee kucheza nao au atolewe.

Mchezo ulikuwa wa binti yake. Mchana binti alifanya kazi katika duka hilo, akitoa nakala na kufunga vitabu kwa waya. Jumamosi alasiri, duka likishafungwa, alitandaza juu ya meza ya kukatia karatasi ramani aliyoichora kwa mkono wake, na wachezaji wakaketi kuizunguka, wengine kwenye viti, wengine kwenye maboksi ya karatasi. Kila mmoja alikuwa na mtu wake, ameandikwa kwenye ukurasa: ana nguvu gani, amebeba nini, anaogopa nini. Binti ndiye aliyekuwa msimulizi. Aliwaambia wamefika wapi na wanaona nini, na kila mchezaji akasema mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa gumu, walirusha dadu yenye pande ishirini, nayo ikaamua.

Mama aliposikia neno dadu mara ya kwanza, alijua ni kamari. Akaenda dukani kwa kisingizio cha kumpelekea binti mwavuli, akasimama nje ya mlango wa nyuma, akatega sikio. Alichokisikia kilimfanya arudi nyumbani na mwavuli wake mkononi. Sauti ya binti, huyo huyo ambaye nyumbani alijibu “ndiyo” na “sijui” na basi, ilikuwa inatembea chumba kizima, na watu wazima wamenyamaza wanaifuata. Kesho yake alimtambia mpokea wageni kwamba mwanawe anaongoza watu wazima kwa maneno matupu. Mpokea wageni akamuuliza kanisa lenyewe liko mtaa gani.

Baadaye mchezaji mmoja alihama, kiti kikabaki wazi. Binti akamuuliza mama, huku akijifanya anatafuta soksi, kama angependa kukikalia. Mama hakungoja kuulizwa mara mbili. Mlango wa chumba cha binti ulikuwa na tundu pale kilipokuwa kitasa. Mwaka binti alipoacha chuo, alijifungia ndani siku mbili bila kusema na mtu, na mama kwa hofu akaleta fundi akaking'oa kitasa. Binti hakugomba. Aliliziba tundu kwa karatasi, na tangu siku hiyo wakaishi kama wapangaji wawili wenye adabu. Kiti kile ndicho kilichompa mama alasiri moja kwa wiki ya kuzungumza na mwanawe. Ndiyo maana pembe za shuka hazikukutana.

Na kosa alilijua. Alichagua kuwa mbeba taa, akidhani mbeba taa hatapata matatizo. Lakini watu wa hadithi walikuwa wakitembea katika jumba la mfalme aliyekufa, lenye vyumba arobaini, na kila chumba kina mlango. Kazini kwake mlango haufunguliwi hivi hivi. Unabisha hodi mara tatu, unasubiri, unatazama kama kuna mwanga chini ya mlango, unasikiliza kama maji yanamwagika bafuni, unaangalia viatu, ndipo unatoa ufunguo. Basi na katika jumba la mfalme akafanya hivyo hivyo. Alimuuliza msimulizi kuhusu viatu. Alimuuliza kitasa kina vumbi au kinang'aa. Alibisha hodi kwa majambazi waliokuwa wamelala, wakaamka wote saba, wachezaji wakatoka mbio na kuacha mizigo.

Hilo peke yake wangelivumilia. Lakini alianza pia kuwaamulia wenzake. Muuguzi, dada mcheshi aliyekuja moja kwa moja kutoka wodini, alikatazwa kupanda mnara kwa kuwa mawe yana utelezi. Mwalimu wa hesabu aliambiwa mtu wake anywe maji kwanza. Fundi simu, ambaye mtu wake alikuwa shujaa wa mashoka mawili, alimaliza Jumamosi tatu bila kuinua hata shoka moja. Yeye ndiye aliyembandika jina la Mama Hodi. Mwanzoni alilisema akicheka.

Jumamosi iliyopita fundi simu alitaka kuvunja mlango. Dadu ilikuwa tayari kiganjani mwake, na mama akaufunika mkono huo kwa mkono wake. Fundi simu akakusanya karatasi zake taratibu.

“Nisamehe, mama,” akasema. “Mimi nimekuja kucheza. Sikuja kulelewa.”

Akatoka.

Kulipokucha simu ilikuwa bado kimya. Mama akakabidhi zamu, akatembea nyumbani roho juu, akimtafutia binti sababu za kutopiga na kuzikataa mwenyewe moja moja. Alimkuta jikoni, amevaa nguo za kazi, chai imefunikwa kwa kisahani.

“Wamenipiga chini?” mama akauliza kabla ya kuvua viatu.

Binti akamwambia aketi. Akamweleza kwamba wawili walitaka atoke, na mwalimu wa hesabu hakuwa na upande. Mama akauliza yeye mwenyewe alisema nini.

“Sikukutetea.”

“Mimi mama yako?”

“Ningekutetea wangesema nakupendelea. Na ingekuwa kweli.”

Kisha akamweleza alichowaambia. Mama apewe Jumamosi moja zaidi, kwa masharti, na masharti yawe ya wote, yeye msimulizi akiwemo. Kila mtu amsemee mtu wake tu. Dadu iliyo mkononi mwa mwenzako haiguswi. Na kila mlango utakuwa na swali moja kwa kila mchezaji, halafu basi. Fundi simu alikuwa amekubali kurudi kwa hayo.

“Ukivunja, nitakuambia uondoke,” binti akasema. “Na nitakuambia mbele yao.”

“Kwa hiyo pale mezani mimi si mama yako.”

“Pale mezani wewe ni mbeba taa.” Akamsogezea kikombe. “Nilikuwa niandike kwenye simu usiku. Nikaona si vizuri. Kunywa, itapoa.”

Mama akanywa, na kwa muda chai haikuwa na ladha. Maneno yalimchoma. Lakini alipokwenda kulala usingizi ulikataa kuja, na badala ya usingizi zikamjia sura za mameneja watano aliofanya kazi chini yao. Mmoja aliandika makosa ya wafanyakazi kwenye ubao. Mwingine alimtuma mpokea wageni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumketisha, akamtazama machoni, akamwambia kosa lake lote na njia ya kulirekebisha, kisha akangoja amalize chai. Binti huyu hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wala hakumvunjia heshima. Amejifunza wapi haya, na kwa nani? Mama akageukia ukutani, akajikuta anatabasamu peke yake kama aliyeokota kitu.

Jumamosi fundi simu alifika wa mwisho. Alisalimia vizuri, akachagua boksi la mbali. Mama aliikalia mikono yake yote miwili ili isije ikamwaibisha.

Wakaanza. Mlango wa kwanza fundi simu aliuvunja kwa shoka, na nyuma yake walikuwepo walinzi watatu, wakampiga mpaka akabaki na nusu ya nguvu zake. Mama akazidi kuikalia mikono. Muuguzi alipanda mnara, akateleza, akaning'inia kwa kidole kimoja, na dadu ikamwokoa. Na wote, waliopigwa na walioning'inia, walikuwa wanacheka mpaka machozi. Mama aliwatazama kwa mshangao. Kumbe ndicho walichokuja kutafuta. Mwalimu wa hesabu alipoingia kwenye handaki bila kunywa maji, mama alimtakia safari njema, na muuguzi akampigia makofi.

Jioni ilipokaribia wakafika mlango wa arobaini. Binti akashusha sauti. Nyuma ya mlango huu, akasema, yumo msichana pekee anayeijua njia ya kuvuka mlima. Bila yeye, safari ya miezi mitano inaishia hapa.

Fundi simu akashika mashoka, akarusha dadu, akapata kumi na tisa. Mlango haukupata hata mkwaruzo. Muuguzi akajaribu funguo zote walizokuwa wameokota, zikakosa pa kuingia. Mwalimu wa hesabu alipima kuta akitafuta njia ya siri, hakuna. Walikuwa wamemaliza maswali yao na mbinu zao. Ikabaki zamu ya mbeba taa.

Mama alikuwa na maswali manane. Akayapanga, akayatupa, akabakiza moja.

“Mlango umefungwa kwa nje,” akauliza, “au kwa ndani?”

Binti, aliyekuwa anatazama karatasi zake, akainua uso.

“Kwa ndani.”

Mama akafungua mdomo aulize la pili, akaufunga. Mgeni aliyejifungia kwa ndani habomolewi mlango. Kazini alilijua hilo miaka yote. Nyumbani ndiko alikolisahau. Akawatazama wenzake, asijue kama anaruhusiwa. Fundi simu akainama kutoka kwenye boksi lake, akaisukuma dadu kwa kidole mpaka ikasimama mbele ya mama.

“Haya, Mama Hodi,” akasema. “Hapo sasa ni kazini kwako.”

“Hodi,” mama akasema.

Binti hakujibu.

“Hodi.”

Wote walijua kuna ya tatu, na baada ya ya tatu mama hutoa ufunguo.

“Ya tatu sibishi,” mama akasema. “Mbeba taa anaiweka taa chini, karibu na kizingiti, aliye ndani auone mwanga. Halafu anakaa sakafuni. Anasema, mwanangu, sisi tuko hapa nje. Hatuingii. Ukiwa tayari, utafungua mwenyewe.”

Mwalimu wa hesabu alijikuta ameshika kalamu hewani. Binti akasema kwa sauti ile ile anayompa kila mchezaji, “Rusha.”

Dadu ikakimbia kati ya karatasi, ikagonga kopo la gundi, ikatulia. Fundi simu akasoma kwa sauti: kumi na moja. Si namba ya kujivunia. Inayotakiwa ni ngapi, aliijua msimulizi peke yake.

Mama alimtazama binti, na hakumwomba kitu kwa macho. Alijua, kama alivyojua mikunjo ya shuka zake, kwamba namba isipotosha binti yake atasema haitoshi, mbele ya wote, na mlango utabaki umefungwa. Na kwa kulijua hilo kifua kikamjaa, akaketi wima kama mtu anayepigwa picha pamoja na mwanawe siku ya sherehe.

Binti akaigeuza karatasi yake ili kila mtu aone. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu tangu asubuhi: atakayezungumza naye bila kuvunja, kumi.

“Komeo linasogea,” akasema, na sauti yake ikatembea chumba kizima. “Linakwama kidogo. Linasogea tena. Mlango unafunguka.”

Fundi simu alikuwa ameshasimama. Mbeba taa hakuinuka sakafuni. Alingoja kwanza akaribishwe.