Ubeti wa Pili wa Nyanya

Siku hizi Krismasi inaanza Novemba. Juzi niliingia duka moja kubwa hapa Nakuru kununua majani chai, nikakuta spika juu ya mlango inapiga nyimbo za Krismasi kwa nguvu, na nje jua linawaka. Kijana wa duka aliponiona nimeegemea ukuta akaniuliza, "Mathe, uko sawa? Nikuletee kiti?" Nikamwambia ni miguu tu. Ukweli, ndugu yangu, ni kwamba nyimbo hizi zinanichosha tangu utotoni, na mwenye kosa ni mimi.

Tulikaa kwenye shamba la mzungu upande wa Kuresoi, miaka ile ya hamsini, wakati wa hali ya hatari. Baridi ya huko unaijua. Watu wazima walichuma maua ya pareto mchana kutwa, sisi watoto tukichuma kando yao, na mwaka mzima chakula kilikuwa viazi na mahindi. Chapati ilikuwa ya Krismasi. Ibada tulifanyia kwenye ghala la pareto, na yale maua makavu yalituwasha koo hadi tukawa tunaimba huku tunakohoa.

Mwanzishaji wetu alikuwa nyanya yangu. Kwetu wimbo hauanzwi na watu wote. Mmoja hutoa sauti, wengine wakampokea. Nyanya akitoa sauti, hata majirani walionuniana walipokea pamoja. Lakini aliimba kwa lugha yetu, na mwaka mmoja, Krismasi ikikaribia, nyapara wa shamba, ambaye hakuielewa, alikuja kutuonya. Alikuwa amesikia kwamba watu wanachukua tuni za kanisa na kuzitia maneno ya wapiganaji wa msituni. "Mtaimba Kiswahili," akasema. "Nikisikia neno moja la lugha yenu, nafunga ibada, kila mtu aende kwake."

Mwalimu aliyeongoza ibada alinipa mimi kazi ya kumfundisha nyanya maneno, kwa kuwa nilikuwa nimeshika Kiswahili shuleni. Tulirudia kila jioni tukimenya viazi. "Kwani Mungu amesahau lugha yangu?" nyanya alinung'unika. "Siku hizi anataka mkalimani?" Lakini alijikaza. Ubeti wa kwanza ukaingia. Wa pili ukakataa kabisa. Leo anaushika, kesho umepotea, nami nilikuwa mtoto, nilitaka kwenda kucheza. Mwalimu aliponiuliza, nikamjibu, "Anaujua wote."

Asubuhi ya Krismasi ghala lilijaa. Nyanya alijifunga kitambaa kipya kichwani. Ubeti wa kwanza aliutoa vizuri hata nyapara, aliyesimama mlangoni na fimbo yake, akawa anagonga mguu. Ulipofika wa pili, nyanya akanyamaza, akanitazama. Nilikuwa karibu naye, maneno ninayo mdomoni, lakini nikaiona ile fimbo, nikaangalia chini. Akafumba macho, akaendelea kwa lugha yake, na ghala lote likampokea, hata mwalimu. Sijasikia tena watu wakiimba namna ile.

Nyapara alipuliza filimbi. Tukarudi laini, kwenye vile vibanda vya wafanyakazi, kila familia ikala chapati kwake. Mwalimu alipokuja kuuliza imekuwaje, nyanya akamwambia, "Kichwa changu ndicho kimezeeka. Mtoto alinifundisha vizuri." Alijua nilikuwa nimemdanganya mwalimu. Hakunikemea hata kidogo, na afadhali angenichapa.

Krismasi iliyofuata tuliruhusiwa tena, mwanzishaji akiwa mtu mwingine. Nyanya alikaa nyuma, mikono mapajani, na hakuna aliyemsikia akiimba tena hadi alipofariki, kabla ya uhuru. Baadaye laini zilibomolewa, shamba likakatwa vipande, na lile ghala sijui mabati yake yaliezeka nyumba ya nani.

Maneno ya Kiswahili ninayo yote hadi leo. Ule ubeti wa nyanya wa lugha yetu nimewauliza wazee waliobaki, nao hawaukumbuki. Tuni yake ninayo, maneno sina. Nilimenya viazi pamoja naye miaka mingine mitano, na hata jioni moja sikumwomba anifundishe.