Mkono wa Yule Mzee

Ijumaa, tarehe 9 Januari. Asubuhi ukungu uliifunika International City, mtaa wetu hapa Dubai, hata jengo la mbele silioni. Adhuhuri jua likatoka, na kibaridi juu yake.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, kapata kazi ya kufundisha chekechea Muscat. Safari ni keshokutwa. Mama mkwe hajamkataza, lakini radhi hajatoa, na bila radhi ya mama yake wifi hatoki. Mwenyewe kasema.

Leo karudi kutoka kazini na picha aliyopewa na madam wake, Mfaransa anayemfanyia kazi, ambaye anahama. Ni nakala ya mchoro wa kwao wa karne ya kumi na nane. Mzee kakaa kitini, kijana kampigia magoti, wanawake wanalia, mtoto mdogo kang'ang'ania nguo ya mama yake. Mzee kanyoosha mkono. Mimi nimeishia darasa la saba, michoro siijui. Pengine nimeona visivyo.

"Anampa radhi," wifi akasema, jicho kwa mama yake.

"Radhi gani? Anamfukuza huyo. Huoni wanavyolia?"

"Hata harusini watu hulia, Mama."

Mama akanigeukia. "We unasemaje? Na usimpendelee wifi yako."

Haki ya Mungu, kila mmoja alikuwa na lake. Nikasema mkono bado uko juu, haujafika popote, kwa hiyo hatuwezi kujua.

"Basi mchoraji hajui kazi. Mkono wa radhi haukai hewani kama unasimamisha teksi! Njoo hapa, mwanangu, niwaonyeshe."

Wifi akapiga magoti. Mama akamwekea kiganja kichwani. Nilidhani ataonyesha kisha autoe mkono. Hakuutoa. Midomo ikaanza kwenda, dua, tena ndefu, na ndani yake nikasikia Muscat.

"Khalas," akasema. "Inuka, unanilowesha kanga."

Alikuwa anaonyesha tu ikamtoka, au alishakusudia? Siwezi kumsemea. Lakini radhi imetoka, nimeisikia kwa masikio yangu, na hilo naliandika bila wasiwasi. Na mchoraji naye nisimwonee: huenda aliukamata mkono kabla haujashuka.

Usiku tumekula wali wa nazi, changu wa kukaanga na kachumbari. Mama kampakulia wifi mwenyewe, mara mbili, huku akimgombeza kwamba huko Muscat hakuna wa kumbembeleza ale.